Kiduha au mbosyo? Kwa anayetafuta mada ya uzamili kuhusu magugu vimelea

Kyela, kusini mwa Tanzania, ukitoka mjini kuelekea Ziwa Nyasa, ardhi inashuka taratibu hata mguu hauhisi. Mpunga ndio unaojua. Sehemu za juu, penye kichanga na maji yasiyotuama, utakuta kiduha (Striga kwa jina la kitaalamu) chenye ua jekundu kimesimama katikati ya mpunga uliodumaa. Ukishuka hadi bondeni, kwenye tope, kiduha hukioni tena. Huko kuna gugu jingine, lenye majani membamba kama sindano na ua jeupe lenye shingo ndefu, linalofunguka jua likizama. Wenyeji wanaliita mbosyo. Ni ndugu wa ukoo mmoja, Orobanchaceae, na wote wawili huunyonya mpunga mizizini. Kinachowagawia shamba ni maji.

Kila msimu wa kuandika maandiko ya utafiti napigiwa simu na vijana wanaotaka "kufanya kiduha". Nikiuliza kwa nini kiduha na si mbosyo, wengi mbosyo hawajaisikia kabisa. Nami sikuwa nimeisikia nilipoanza. Uzamili wangu niliufanya kwenye kiduha, kisha nikasaidia kazi ya mbosyo kwa misimu miwili, kwa hiyo nina upande ninaouegemea na sitauficha.

Mmoja hawezi kuishi peke yake, mwingine anaweza

Hapa ndipo zinapoanzia tofauti nyingine zote, hata za pesa na za muda.

Mbegu ya kiduha ni vumbi. Ukiimwaga kwenye karatasi nyeupe utadhani ugoro uliomwagika. Punje moja ina urefu wa theluthi ya milimita hivi. Ndani yake hakuna akiba ya kuilisha zaidi ya siku chache. Kwa hiyo haioti ovyo. Kwanza inahitaji kulala kwenye joto na unyevu kwa wiki moja au mbili, kisha inasubiri mzizi wa mahindi, mtama, uwele au mpunga upite karibu na kutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Ikizinusa, inachipua, na ina siku chache tu za kuufikia ule mzizi na kujipachika kwa kiungo chake cha kunyonyea, haustoria. Ikikosa, imekufa. Isiponusa chochote, inaendelea kulala, na inaweza kulala hivyo zaidi ya miaka 10. Mmea mmoja huacha mbegu kwa makumi ya maelfu, basi piga hesabu mwenyewe ya kilichomo kwenye udongo wa shamba lililoachwa misimu mitatu.

Mbosyo, ambayo jina lake la kitaalamu ni Rhamphicarpa fistulosa, haimsubiri mtu. Ikipata mwanga na udongo uliolowa, inaota. Inaanza maisha kama mmea wowote wa kijani, inajitengenezea chakula, na mizizi yake ikikutana na ya mpunga ndipo inajipachika na kuanza kunyonya. Isipokutana na mpunga bado inakua, inatoa ua na mbegu, ila inabaki mnyonge. Yaani kiduha ni kupe, na mbosyo ni jirani mwenye shamba lake ambaye akiona sufuria yako iko motoni anaingia na sahani.

Kwa mwanafunzi, maana yake inaonekana kwenye ndoo za jaribio. Ukiwa na mbosyo unapanga ndoo za aina tatu: mpunga peke yake, mbosyo peke yake, na wote pamoja. Unapima uzito wa kila mmoja mwishoni na unaweza kusema, bila kubahatisha, kimelea kimepata kiasi gani na mwenyeji, yaani mmea unaonyonywa, amepoteza kiasi gani. Kwa kiduha, ndoo ya pili haipo. Huwezi kuotesha kiduha peke yake ukakilinganisha na chenye mwenyeji. Swali zuri kabisa, "kunyonya kunamfaidia nini mnyonyaji?", kiduha hakikupi nafasi ya kulijibu kwa urahisi huo.

Kuhesabu: hapa kiduha kinashinda

Sasa nikipe kiduha haki yake. Shina la kiduha likichomoza juu ya udongo, una hakika limejipachika kwenye mzizi, kwa sababu lisingefika hapo vinginevyo. Ukihesabu mashina 40 kwenye kitalu, hao 40 wote wananyonya. Takwimu zako zina maana tangu siku ya kwanza ya kuhesabu.

Mbosyo ikiota inaota kama zulia, na kati ya hiyo miche mia unayoiona hujui ni ipi imeunganika na mpunga na ipi inajitafutia. Kujua ni lazima ung'oe, uloweke, uoshe tope kwa maji ya polepole, halafu utazame mizizi kwa lenzi, na viungo vyenyewe vinakatika ukivitazama vibaya. Nimewahi kukaa na beseni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri nikamaliza sampuli sita. Mgongo uliuma wiki nzima.

Ila hesabu ya kiduha nayo ina mtego ambao wanafunzi wengi wanaugundua wakiwa wameshachelewa. Sehemu kubwa ya madhara hufanyika chini ya udongo, kabla hakijachomoza. Mahindi yanaanza kunyauka na kujikunja kana kwamba yana kiu huku mvua inanyesha, na mwenye shamba haoni adui. Waingereza wakakiita gugu la mchawi, na wazee wetu waliokuwa wakishuku jirani hawakuwa mbali sana. Ukihesabu yaliyochomoza tu, unaweza kutangaza kwamba mbegu fulani ya mahindi ni sugu kwa sababu imeonyesha mashina machache, kumbe imedumaa mno kiasi kwamba hata kiduha chenyewe kimekosa cha kula. Pima mavuno pembeni ya hesabu, daima, na uwe na vitalu visivyo na kiduha vya kulinganishia.

Na waambie wenye shamba unachofanya. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na vitalu kwenye shamba la mama mmoja mwema sana. Wiki ya nane nilisafiri siku tatu kushughulikia karatasi za chuo. Nimerudi, nafika shambani, vitalu vyote safi, udongo umetifuliwa, hakuna hata shina moja la kiduha. Mama kasimama na jembe, anatabasamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekusaidia palizi, magugu yalikuwa yamekuzidi. Kijana msomi namna hii, watu wakipita wataona aibu."

Ningemwambia nini? Nilimshukuru, nikaenda kukaa chini ya mwembe. Kosa lilikuwa langu: nilimweleza kila kitu kuhusu mbegu na mbolea, sikumweleza kwamba magugu yenyewe ndiyo niliyoyafuata. Kwa mbosyo balaa hili ni dogo kidogo, maana watu hawapalilii bonde lililojaa maji kwa wepesi huo. Kidogo tu.

Maabara na umeme

Ukitaka kazi ya ndani, ya sahani za kioo na mikroskopu, kiduha kina zana zilizokwisha kutengenezwa. Kuna GR24, strigolaktoni ya kutengenezwa maabara, inayoziamsha mbegu bila kuhitaji mzizi. Kuna rhizotroni, yaani kisanduku bapa chenye upande unaoona ndani, ambapo mzizi wa mtama unalala juu ya pamba ya mwamba, unamwagia mbegu zilizoamshwa, na kila siku unahesabu zilizojipachika. Ukiona kwa macho yako jinsi ncha ya kiduha inavyoukaribia mzizi na kuuingia, utaelewa kwa nini watu hung'ang'ania kazi hii miaka 20.

Lakini zile wiki mbili za kuzilaza mbegu kwenye nyuzi joto 28 au 30 zinataka kabati lisilozimika. Umeme ukikatika wikiendi na jenereta ikawa haina mafuta, unaanza upya, na GR24 huagizwa nje kwa bei inayouma. Mbosyo haikuombi hayo: trei, udongo uliolowa, dirisha lenye mwanga. Mwanafunzi asiye na bajeti anaweza kupata uotaji mzuri kwenye kibanda cha wavu.

Hapa pia chagua kiduha chako vizuri, kwa sababu jina ni moja ila spishi ni zaidi ya moja. Kile kinachotesa mahindi na mtama Kanda ya Ziwa, magharibi mwa Kenya (kayongo, kwa Waluo) na mashariki mwa Uganda ni Striga hermonthica, chenye ua la zambarau linalokaribia waridi. Hicho lazima kichavushwe na kingine, wadudu ndio wapeleka salamu, kwa hiyo kila mbegu ni mtoto tofauti. Mbegu ulizookota Siaya hazifanani na za Mara, na hata za shamba moja hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Striga asiatica, chenye ua jekundu, cha Kyela na Morogoro, hujichavusha chenyewe. Ukoo wake ni mmoja na matokeo hayayumbi sana. Jenomu yake, yaani orodha nzima ya vinasaba vyake, ilichapishwa mwaka 2019. Kama swali lako ni la jeni, anza na chekundu. Kama ni la mkulima wa Busia, huna hiari.

Kalenda

Hili ndilo ningelitazama kwanza kama ningeanza upya, na ndilo ambalo hakuna aliyeniambia. Uzamili wetu wa kawaida ni miaka miwili, na mwaka wa kwanza unaliwa na masomo ya darasani. Kyela ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei na kuendelea. Ukikosa kupanda kwa sababu kibali cha utafiti kimechelewa, umekosa mwaka mzima. Magharibi mwa Kenya na sehemu kubwa ya pembezoni mwa Ziwa Victoria kuna misimu miwili kwa mwaka. Jaribio likiharibika kwenye mvua ndefu, unalirudia kwenye fupi. Kwa hiyo mtu wa kiduha cha Kanda ya Ziwa ana nafasi mbili pale ambapo mtu wa mbosyo Kyela ana moja.

Kibali nacho ukianze mapema. Wanaokitoa ni tume za sayansi za taifa: Tanzania ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI. Na ukitaka kuvusha mbegu za vimelea mpaka wowote, kuna mamlaka za afya ya mimea za kupitia pia. Usizifiche kwenye begi. Kiduha chekundu kiligunduliwa huko Carolina, Marekani, mwaka 1956, na tangu hapo serikali yao imetumia miongo kadhaa na pesa nyingi kukifukuza, hata kwa kupuliza gesi ya ethilini ardhini ili mbegu ziote bila mwenyeji na kufa.

Kilichokwisha kujulikana

Ukichagua kiduha unaingia soko lililojaa. Strigol, ya kwanza kwenye kundi la strigolaktoni, ilitolewa kwenye mizizi ya pamba mwaka 1966. Ikachukua hadi 2005 kufahamu mimea inazitoa kwa faida gani: zinaita kuvu wa mikoriza, wale wanaousaidia mmea kupata fosforasi. Mwaka 2008 ikajulikana ni homoni pia, zinazozuia matawi kuchipua ovyo. Mwaka 2017 ikaelezwa kwamba mtama wenye mabadiliko kwenye jeni iitwayo LGS1 hutoa strigolaktoni ya aina ambayo kiduha hakiinusi vizuri. Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, watafiti wa icipe (kituo cha utafiti wa wadudu) na wenzao wa taasisi ya Rothamsted, Uingereza, walikuza mbinu ya kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi: mizizi yake inaamsha kiduha kisha inakizuia kujipachika. Kuna mahindi ambayo mbegu zake hupakwa imazapiri, dawa ya kuua magugu. Kuna kuvu wa Fusarium anayekiua. Profesa Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta alipewa tuzo ya Afrika ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, mwaka 2020 kwa kazi ya mimea hii.

Mwanafunzi akiona orodha kama hiyo anaogopa kwamba hakuna kilichobaki. Kimebaki, ila kiko pembeni: udongo. Mmea wenye njaa ya fosforasi na naitrojeni hutoa strigolaktoni nyingi zaidi, kwa kuwa unawaita wale kuvu kwa sauti kubwa, na kiduha kinasikia mwito usio wake. Ndiyo maana kiduha na umaskini wa udongo hutembea pamoja. Kiasi gani cha samadi, aina gani ya udongo, mvua kiasi gani, kwa mbegu gani ya mahindi: majibu ya Siaya hayahamii Shinyanga yenyewe, na kazi hiyo inamtosha mwanafunzi mwenye ndoo 60 za rangi zilizotobolewa chini.

Kwa mbosyo soko ni tupu zaidi. Ipo katika nchi zaidi ya 30 za Afrika, lakini kwa miaka mingi ilihesabiwa gugu dogo. Kazi kubwa ya miaka ya 2010, iliyounganisha watafiti wa Tanzania, kituo cha utafiti wa mpunga cha AfricaRice na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, ilifanyika Kyela hapohapo, na ilitoa jambo moja ninalolipenda kuliko mengine yote kwenye fani hii. Walijaribu kubadilisha tarehe za kupanda mpunga. Juu, kwenye kiduha, kuchelewa kupanda kulipunguza kimelea. Chini, kwenye mbosyo, kuwahi ndiko kulikofaa, kwa sababu mpunga unakuwa umeshapanda juu kabla mbosyo haijapata nguvu. Wilaya moja, zao moja, na mkulima mwenye vipande viwili anaambiwa afanye mambo mawili yanayopingana. Ofisa ugani akija na ushauri mmoja kwa kijiji kizima, nusu ya kijiji inaumia.

Kutoka hapo maswali yanamiminika. Mafuriko ya kudumu huzuia mbosyo kuota, na udongo uliojaa maji haukifai kiduha. Je, mvua zikibadilika, ule mpaka wao kwenye mteremko unahama? Mbegu ya mpunga inayostahimili mmoja inastahimili mwingine? Ukiweka jaruba lenye kingo imara, gharama inarudi? Maswali haya hayahitaji mashine ya kusoma jenomu. Yanahitaji mtu mwenye buti, rula ya kupimia kina cha maji na uvumilivu wa kurudi kila wiki.

Kasoro ya soko tupu ni kwamba hata wauzaji ni wachache. Msimamizi anayeijua mbosyo utamtafuta, zana zake za kinasaba ni haba, na majarida mengine yatakuuliza gugu gani hilo. Jiandae kuandika aya mbili za utangulizi ambazo mwenzako wa kiduha hahitaji.

Wa tatu, kwa asiye na nauli

Kama uko Nairobi au Kisumu na huna pesa ya kukaa shambani, tazama ua wa jirani. Ile kamba ya njano isiyo na majani, iliyojimwaga juu ya miti na ua kama tambi, ni Cuscuta. Haina shida ya mbegu wala giza la udongo: unakata kipande, unakiegesha kwenye shina, na baada ya siku chache unatazama kinavyojipachika hadharani. Imeshaonyeshwa kwamba mche wake hufuata harufu ya mnyanya, na kwamba hubadilishana ujumbe wa kinasaba na mwenyeji wake. Kwa maabara ya mjini ni nzuri mno. Kwa chakula cha watu, bado naiweka nyuma ya hao wawili.

Nani achukue kipi

Mwenye miaka miwili, pesa kidogo, anayependa kuwa nje na aliye Nyanda za Juu Kusini: mbosyo, na ahakikishe kibali kipo mkononi kabla ya Oktoba. Nasema hivi nikijua nilivyosema kuhusu msimu mmoja. Fidia yake ni zile ndoo tatu: hata bonde likikuharibikia, jaribio la ndoo kwenye kibanda linakupa tasnifu.

Anayeelekea uzamivu, anayetaka jeni na kemia, mwenye msimamizi aliye na maabara inayofanya kazi: kiduha, bila kusita. Miaka minne inatosha kukosea mara mbili. Kama unaweza, anza na chekundu kwenye sahani, kisha jaribu swali lilelile kwa kile cha zambarau.

Na anayetaka kulinganisha wote wawili kwa uzamili mmoja, nimeshamwona. Aliishia na nusu ya kila kimoja. Kulinganisha huko ni kazi ya uzamivu, tena yenye watu wawili wa kusaidia.

Yeyote utakayemchukua, nenda ukamwone kwanza kabla ya kusaini andiko. Kyela nenda Machi au Aprili, jioni, maua ya mbosyo yakifunguka. Na ukimaliza, osha buti zako hapohapo kwa brashi na maji, uzifunge kwenye mfuko, ndipo upande basi.